Sikio Lililohesabu Trei

Jiko alilofanyia kazi Bi Nunu binti Azan kwa miaka ishirini na tisa halikuwa na dirisha hata moja. Lilikuwa upande wa nyuma wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: chumba kirefu kilichojaa mvuke, masufuria makubwa, na simu ya ukutani iliyokufa kila mvua iliponyesha. Humo ndimo kilimopikwa na kufungwa chakula cha abiria. Ratiba ilibandikwa mlangoni, lakini hakuna aliyeitegemea, kwa kuwa ndege zilikuja zilipojaaliwa kuja. Kwa hiyo msimamizi wa jiko, Mzee Mwinshehe, mtu wa Rufiji aliyekuwa mkali wa sauti na mpole wa kila kitu kingine, alipotaka kujua aandae trei ngapi, hakujisumbua na simu. Alimgeukia msichana wa Kiarabu aliyekuwa akikunja vitambaa pembeni.

"Nunu! Nini hiyo?"

Nunu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa kwa siri.

"Friendship, mzee," akaitaja ndege kwa mlio wake tu.

"Arobaini na nne!" Mzee Mwinshehe aliwapigia kelele wengine, na mikono yote ikaanza kukimbia.

Nunu aliingia jikoni humo mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemfundisha kusikiliza. Alijifunza mwenyewe, kwa sababu hakupenda kuona chakula kikipoa. Aliijua Dakota, ndege iliyobeba askari wa vita vikuu kabla hajazaliwa, ikaja kuzeekea huku kwa kubeba makarani na walimu. Ilinguruma na kukohoa kama mashine ya kusaga mahindi mabichi, na ilitaka trei ishirini na nane. Aliijua VC10, malkia wa safari za Ulaya, yenye injini nne zilizopangwa mkiani. Hiyo haikuhitaji sikio: ilipoondoka, masufuria yalicheza rafuni na maji yaliyokuwa ndooni yakafanya duara ndani ya duara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja nalo likafa, na zile VC10 zikaenda zao zisirudi tena. Zilibaki Friendship, zikaja Twin Otter za kutua kwenye viwanja vya nyasi, kisha zikaja Boeing 737 mbili mpya, zenye sauti ya turubai linalochanwa na watu wawili wenye hasira. Boeing ilikuwa trei mia moja na tisa. Nunu hakukosea.

Alikosea mara moja tu, na kosa lenyewe alilipenda kuliko mafanikio yake yote.

Ilikuwa mapema mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera. Alasiri moja filimbi kali ya injini mbili ilishuka juu ya paa, ile filimbi inayochoma sikio kama sindano, naye akasema bila kusita, "Friendship." Trei arobaini na nne zikapakiwa kwenye toroli, kuku na wali na kipande cha keki, na Mzee Mwinshehe mwenyewe akalisukuma mpaka kwenye maegesho. Huko alikuta ndege ya jeshi, Hawker Siddeley 748, ile ambayo wengi waliiita Avro. Walikuwa wakishuka askari vijana, baadhi yao na bandeji vichwani, wakiyafinya macho kwa jua la Dar es Salaam. Mzee Mwinshehe alisimama na toroli lake. Halafu akasema chakula kikishatoka jikoni hakirudi, akaanza kuwagawia mmoja mmoja. Abiria wa Friendship ya kweli, iliyofika saa mbili baadaye, walikula mkate na mayai ya kuchemsha.

Nunu alilia kwa aibu nyuma ya magunia ya mchele. Alipomaliza kulia alimkuta fundi mmoja kijana amesimama mlangoni, mikono yake myeusi kwa grisi. Jina lake Gozbert, Mhaya wa Kamachumu, kutoka karakana ya injini.

"Wewe ndiye uliyesema Friendship?"

"Ndiyo. Nimekosea."

"Hujakosea. Avro na Friendship zinatumia injini za aina moja, Dart, mbili hii na mbili ile. Masikio yako yamesikia injini. Rangi ya ndege haisikiki." Kisha akaongeza, akitazama chini, "Mmoja wa wale vijana ni wa Kyaka, kwetu. Amesema hajala keki tangu Krismasi ya mwaka juzi."

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na miaka arobaini na mitano baadaye ulikuwa bado unaendelea, safari hii ng'ambo mbili za kichochoro kimoja cha Kiwalani. Bi Nunu alikuwa na nyumba yake upande huu, aliyojenga na marehemu mumewe, Usama, fundi saa. Kila asubuhi alikaanga maandazi na bagia barazani, akauza na chai ya tangawizi. Mzee Gozbert alikuwa na nyumba yake upande ule, na barazani pake aliweka viti viwili vya ndege vilivyoshikana, alivyovipata siku Friendship mojawapo ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu. Kimoja kilikuwa bado kinalala nyuma ukibonyeza kitufe. Kingine kilikuwa na spring iliyochomoza, na aliyekikalia alijuta.

Kila siku baada ya swala ya alasiri Bi Nunu alivuka kichochoro, na mchezo ukaanza. Ndege zinazotua hupita juu ya Kiwalani zikiwa chini kiasi kwamba mtu huweza kuhesabu magurudumu. Wa kwanza kuitaja ndege kabla haijatokea juu ya mabati ndiye aliyestahili kiti kizuri mpaka ndege iliyofuata. Ndege ambayo hakuitaja mtu haikuhesabiwa. Sheria zilikuwa hizo tu, nao walizishika kama watu wanavyozishika zile za mirathi.

"Inuka, Mhaya. Hiyo Bombardier."

"Nilikuwa nataka kusema."

"Kutaka kusema na kusema ni mambo mawili. Inuka!"

"Waitu! Mwarabu huyu hana huruma hata kwa mgonjwa wa mgongo."

"Mgongo wako uliumwa lini? Jana ulikuwa unatuambia ulivyombeba rubani begani kutoka Mwanza."

Kwa miaka mingi Bi Nunu ndiye aliyelala kwenye kiti kizuri, na Gozbert ndiye aliyekalia spring. Hapakuwa na la ajabu katika hilo. Gozbert alikuwa na miaka sabini na minne, na injini zilikuwa zimekwisha kuyala masikio yake tangu ujana. Ukitaka akusikie ilibidi upaze sauti ya muadhini.

Mambo yaligeuka baada ya Pasaka. Alasiri moja Gozbert, aliyekuwa ameinamisha kichwa akisoma ujumbe wa jumuiya yake ya kanisani kwenye simu mpya aliyoletewa na mwanawe, alisema kwa utulivu, "Dreamliner." Bi Nunu hakusikia kitu. Alikuwa bado anacheka pale tumbo jeupe la ndege lilipotokea juu ya bati la jirani, kubwa kama msikiti, na kupita. Ilikuwa Dreamliner.

Aliinuka, akahamia kwenye spring, akasema ni bahati. Siku ya pili Gozbert alisema "Airbus," na ikawa Airbus. Siku ya tatu ikawa Boeing, zile mpya ndefu. Ndani ya wiki mbili Bi Nunu alibaki na Bombardier za mapanga peke yake, hizo alizozisikia tangu zikiwa mbali. Lakini zile kubwa zilimpita juu ya kichwa kama watu wanaonyata bila viatu. Na Gozbert, ambaye hakuweza kusikia mlango wake ukigongwa, alizisikia zote.

Hilo lilimkaa moyoni. Uziwi wa kukosa vitu vidogo aliuelewa, kila mzee alikuwa nao. Huu wake ulikosa vitu vikubwa kuliko vyote, na kwa hiyo aliona lazima uwe mbaya kuliko wote. Hakumwambia mtu.

Halafu ikatokea ile ya bajaji. Binti yake wa pekee, Ibtisam, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Mbagala, alikuja siku ya Jumapili kama kawaida yake. Walikuwa wanavuka kwenda dukani, Bi Nunu mbele, pale bajaji ya bluu ilipomtokea mgongoni na kumparaza buibui. Hakuisikia hata kidogo. Ibtisam alimvuta mkono, na wote wawili wakabaki wameegemea ukuta.

"Mama, hujaisikia ile?"

"Nimeisikia."

"Mama."

"Nilikuwa nawaza."

Ibtisam hakugomba. Yeye si mtu wa kugomba. Alirithi ukimya wa baba yake, ule wa mtu aliyezoea vitu vidogo vyenye meno madogo. Alingoja mpaka chai ikaisha ndipo akasema alilokuwa amelipanga.

"Kuna chumba nimemaliza kukipaka rangi kwangu. Unakijua. Mie sikulazimishi. Nakuomba twende tukapime masikio. Mtaalamu akisema yamekwisha, unahamia Mbagala, maana huku peke yako na hizi pikipiki siwezi kulala. Akisema ni mazima, nafunga mdomo wangu, sitataja tena habari ya kuhama mpaka wewe mwenyewe uitaje."

Bi Nunu aliitazama nyumba. Karai lilikuwa limefunikwa barazani. Ng'ambo, Gozbert alikuwa anamkemea mbuzi wa watu kwa Kihaya. Kuhama hapa kulikuwa ni kuliacha karai, na kiti kile, na maisha yote aliyoyapanga mwenyewe tangu Usama alipofariki. Lakini binti alikuwa amesema kwa haki, na mama hakuwahi kumfundisha kukataa lililo la haki.

"Haya," alisema. "Lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

Siku zile kumi aliziishi kama mwanafunzi anayejua kwamba hajasoma. Kila ndege ilikuwa mtihani. Aliamka alfajiri, akakaa barazani bila kuwasha moto, akasikiliza. Na kila mara ilikuwa vilevile: anainua macho na kuikuta ndege imekwisha kufika. Mara moja alimuuliza Gozbert, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, "Wewe hizi kubwa unazisikia kuanzia wapi?"

Gozbert alijikuna kidevu. "Kuanzia... mbali."

"Mbali wapi?"

"Juu ya Pugu huko. Wakati mwingine juu ya Morogoro."

"Morogoro!"

"Wakati mwingine nasikia ikiwa bado Dodoma," alisema Gozbert, na kwa kuwa alikuwa Mhaya akijisifu, hakuna aliyeona ajabu, wala Bi Nunu mwenyewe hakucheka. Alirudi nyumbani mapema siku hiyo.

Alhamisi ilipofika, yeye na Ibtisam walikwenda hospitali moja ya Temeke. Mpimaji alikuwa msichana mwembamba aliyeitwa Yustina, mwenye kucha safi na mwandiko mdogo ulionyooka. Alimwamkia, akamwingiza kwenye kibanda chenye kuta nene za sifongo, akamvisha vipokea sauti vya masikioni juu ya mtandio, akampa kitufe.

"Bibi, ukisikia mlio wowote, hata uwe mdogo kama mbu wa chumba cha pili, bonyeza."

Mlango ulifungwa. Bi Nunu hakuwa ametegemea kwamba kutakuwa kimya namna ile. Nyumbani kwake hakukuwa na kimya; hata mashine za kuchomelea zinaposimama, kuna spika za singeli, na spika zinapozimwa, kuna watoto. Humu ndani alijisikia anameza mate. Alimkumbuka Mzee Mwinshehe, aliyefariki zamani, na akataka kucheka: jiko jingine lisilo na dirisha, na yeye bado anaulizwa, nini hiyo? Mlio ukaja, mwembamba kama uzi. Akabonyeza. Ukaja mwingine, mnene. Akabonyeza. Alibonyeza mpaka kidole kikapata joto.

Yustina alitoka na karatasi yenye mistari miwili inayoshuka taratibu kuelekea mwisho.

"Bibi, masikio yako ni mazuri. Milio ya juu kabisa imepungua kidogo, na hiyo ni kwa kila mtu wa umri wako. Hii ya chini na ya kati, wengi wa miaka hamsini wangekuonea wivu."

"Mashine yako ni mbovu," alisema Bi Nunu.

"Mama!" Ibtisam alinong'ona.

Yustina hakukasirika. Alimwomba ageuke aangalie ukuta, akarudi nyuma hatua nne, akasema kwa sauti ya chini sana, "Bibi, nikija kwako utanipikia nini?"

"Maandazi ya iliki. Na kiatu chako cha kushoto kinalia, kitie mafuta."

Yustina alikitazama kiatu chake, kisha akamtazama Ibtisam, na wote wawili wakashindwa kujizuia kucheka.

Njia nzima ya kurudi Ibtisam alikuwa mtu aliyeshindwa na kufurahi kwa pamoja. Alimshika mama yake mkono na kumwambia ahadi ni ahadi, hatasema tena. Walipofika barazani, Bi Nunu aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Ibtisam, mwanangu. Karatasi inasema nasikia. Lakini mie najijua, sisikii. Ndege zinanipita juu ya kichwa, na bajaji ile ilinipita mgongoni. Yule binti alipima milio yake, hakupima ninavyoishi. Nikikaa huku kwa karatasi hii, nitakuwa nimekudanganya kwa maandishi. Njoo na gari Jumamosi."

Ibtisam aliinuka, akachukua mkoba wake. Alikitaka chumba kile kipate mtu kuliko alivyowahi kukiri, na kwa hiyo hakuuamini ulimi wake mwenyewe. Aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Ijumaa asubuhi Bi Nunu alikaanga kwa mara ya mwisho. Alikuwa amekwisha kufunga vyombo vya kabatini kwa magazeti, na sanduku la nguo lilikuwa tayari mlangoni. Wateja walikuwa wamepungua. Aliinama juu ya beseni la maji kuosha vikombe, na hapo beseni likaingia kivuli. Akainua kichwa. Juu yake kabisa ilikuwa inapita Dreamliner, magurudumu nje, mabawa yamekunjika kwenda juu kama mtu anayeomba dua. Alisikia mvumo kidogo, kama upepo kwenye mti wa mwashoki, na mvumo ule ukapita.

Akalitazama beseni. Maji yalikuwa yametulia. Aliuona uso wake mle ndani, na kingo za paa, na mkia wa ndege ukitoka. Wala hapakuwa na duara hata moja juu ya maji.

Alibaki ameinama hivyo mpaka mteja mmoja akamuuliza kama ameangusha kitu. Ndege kubwa kama ile, chini kiasi kile, ingekuwa ya zamani, beseni lingecheza, vikombe vingegongana, bati lingelia. Yeye akiwa kiziwi, sawa. Lakini maji hayana masikio. Maji nayo hayakusikia.

Alivuka kichochoro na mwiko wa kukaangia mkononi, mafuta yakidondoka.

"Gozbert!"

Mzee Gozbert alikuwa kwenye kiti kizuri, simu kifuani. Alipouona mwiko alikaa wima.

"Shikamoo," alisema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Nijibu kama mbele ya padri wako. Ile ndege iliyopita sasa hivi umeisikia?"

"Nimei..." Alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akaona kilichokuwamo. Nyuma ya bega lake, ng'ambo, aliliona na lile sanduku mlangoni. "Sanduku la nini lile?"

"Nahamia Mbagala kesho. Masikio yamekwisha. Wewe unasikia mpaka Dodoma, mie sisikii hata paa langu. Nijibu!"

Mzee Gozbert alimnyooshea simu. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya Dar es Salaam, na juu ya ramani kulikuwa na vindege vya manjano vinavyotambaa kama siafu. Aligusa kimoja. Yakatokea maandishi: aina ya ndege, ilikotoka, urefu wa kutoka ardhini.

"Asifiwe alinitilia wakati wa Pasaka," alisema. Asifiwe ndiye mwanawe. "Mie sijasikia ndege kubwa tangu hizi mpya zianze kuja, Bi Nunu. Hata moja. Nilikuwa nataka nikalie kiti kizuri wiki moja tu, kisha nikuambie. Halafu ikawa tamu."

Bi Nunu alikaa kwenye kiti cha spring bila kuisikia spring.

"Kwa hiyo wewe ni mwizi."

"Mwizi kabisa."

"Na bajaji? Ilinipita mgongoni, sikuisikia."

"Ya bluu? Ile mpya ya yule kijana wa nyumba ya jirani yetu Tekla? Ile ni ya umeme, mama! Haina injini. Hata mie iliniparaza wiki iliyopita, nikadhani nimeguswa na malaika."

Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi kabla ya kuwa mwizi, akamweleza vizuri, kama alivyomweleza habari za Dart mlangoni pa jiko. Injini za zamani, alisema, zile za VC10 na zile Boeing za kwanza, zilitapika moto wote kwa nguvu nyuma, mwembamba na wa kasi, ukagombana na hewa ya nje. Kelele ile ilikuwa ni ugomvi huo. Injini za sasa zina feni kubwa mbele, pana kuliko mlango huu. Hewa nyingi haiingii motoni kabisa. Inapita pembeni, baridi na polepole, ikiufunika ule moto wa katikati kama blanketi.

"Kama jiko la pampu na jiko la gesi," alisema Bi Nunu taratibu.

"Enhe?"

"Lile la mafuta ya taa, la kupiga pampu, lilinguruma mpaka nyumba ya tatu, na wali ulichelewa. Gesi husikii kitu, na sufuria linachemka."

"Karakana nzima ilihitaji miezi sita kulielewa hilo," alisema Gozbert, "na wewe umelielewa na mwiko mkononi."

"Usinisifu. Sijakusamehe." Lakini mdomo ulikuwa unamtetemeka, na cheko likamponyoka, likawa refu, mpaka akafuta macho kwa pembe ya mtandio. Wiki zote hizi alikuwa akiyazika masikio yake, na kumbe ndege kubwa ndizo zilizojifunza kunyata. Alikumbuka kwamba kabla ya Pasaka ndege nyingi zilikuwa zikipita bila kutajwa na yeyote, na ndege isiyotajwa haikuhesabiwa. Wote wawili walikuwa hawazisikii kwa miaka, wakiwa na furaha zao.

"Utamwambia Ibtisam?" aliuliza Gozbert.

"Utamwambia wewe. Na habari ya Dodoma uitaje."

Jumamosi saa nne kirikuu cha kubebea mizigo kiliingia kichochoroni kwa kurudi nyuma, Ibtisam akiwa amekaa pembeni ya dereva. Alivikuta vyombo vimerudishwa kabatini, magazeti yamekunjwa vizuri, na Mzee Gozbert amevaa koti la kanisani, amesimama barazani kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Alieleza yote, kuanzia simu, na Dodoma akaitaja. Ibtisam alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama simu, akamtazama mama yake.

"Kwa hiyo huji."

"Sihami," alisema Bi Nunu.

Ibtisam alitikisa kichwa akikubali. Alisema ni vizuri, kwamba ameshukuru sana, kwamba ahadi ni ahadi. Na akiwa bado anayasema hayo, kidevu kilimcheza kama kilivyomcheza siku ya kwanza ya shule, alipoachwa getini. Bi Nunu aliona. Akagundua kwamba katika siku zote hizi alikuwa amesikiliza angani tu. Hakuwahi kumuuliza binti huyu, anayerudi kila jioni kwenye nyumba yenye mtu mmoja na chumba kilichopakwa rangi, analala vipi.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Hicho chumba. Umekipaka rangi gani?"

"Kijani. Kile cha majani machanga. Ulisema unakipenda."

"Nilisema lini?"

"Nikiwa darasa la tano."

Bi Nunu aliingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku na kulifunga. Alitoka na buibui jipya, mkoba mdogo wa nguo na deli la plastiki lenye maandazi, akamkabidhi Gozbert ufunguo wa nyumba na kumwambia awape kuku maji, na asiguse karai.

"Nakwenda kukiona chumba," alisema. "Leo nalala huko, Jumatatu ukienda shule unanipakia gari la kurudi. Na wiki ijayo hivyohivyo. Hayo ni matembezi, si kuhama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na usilie barabarani, wewe ni mwalimu."

Alijivuta akapanda mbele, akamsukuma dereva kwa kiwiko apate nafasi, na Ibtisam akajibana mlangoni na deli mapajani. Dereva, aliyekuwa amechoka kungoja, akabonyeza honi ndefu kuwaondoa watoto njiani.

"Wewe kijana," alisema Bi Nunu, akiziba sikio kwa kidole, "taratibu basi. Watu tunasikia."